Kuvu, Oksijeni na Sukari ya Damu: Historia ya Kimeng'enya cha Vijidudu kama Kihisi cha Kemikali, 1928–2009

Utangulizi

Katika zahanati na hospitali za Afrika Mashariki mgonjwa huambiwa kwamba "anapimwa sukari". Kauli hiyo inaeleweka na kila mtu, na pengine kwa sababu hiyo ni nadra mtu kuuliza ni sukari ipi inayopimwa. Katika Kiswahili cha kila siku neno sukari hubeba ile ya miwa, ile ya maziwa, ile ya matunda na ile inayozunguka katika damu. Kwa mwanabiokemia hizo ni kemikali tofauti, na inayohusika na ugonjwa wa kisukari ni moja tu, yaani glukosi. Kinachoamua iwapo kipimo kimeitofautisha glukosi na nduguze si daktari wala mashine yenye kioo cha namba. Ni kimeng'enya kilichokaushwa kwenye ncha ya kipande kidogo cha plastiki, na kwa kawaida kimeng'enya hicho kimetoka kwa kuvu au bakteria.

Kihisi cha kibiolojia ni kifaa kinachounganisha kitu chenye asili ya uhai, mathalani kimeng'enya, na chombo cha kubadili mmenyuko wake kuwa ishara inayosomeka, hasa mkondo wa umeme. Masimulizi yaliyozoeleka huanzisha historia ya vifaa hivi mwaka 1962, kwa makala ya Leland Clark na Champ Lyons, na kumtaja Clark kama baba wa fani nzima. Makala haya hayakusudii kumnyang'anya Clark sifa anayostahili. Yanadai tu kwamba masimulizi hayo humfanya mhandisi wa umeme kuwa shujaa na kuvu kuwa malighafi, na kwa kufanya hivyo huficha jambo lililokuja kugharimu maisha ya watu: kuchagua kiumbe atakayetoa kimeng'enya ni kuchagua pia kile kitakachoitwa sukari.

Kipimo cha shaba na udhaifu wake

Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyepita katika maabara ya biolojia analijua jaribio la Benedict. Kimiminika cha buluu chenye shaba huchanganywa na sampuli na kupashwa moto. Rangi hugeuka kijani, njano, hadi nyekundu ya tofali kadiri sukari inavyozidi. Mmarekani Stanley Benedict alilitangaza mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo kadhaa mkojo wa wagonjwa wa kisukari ulipimwa kwa namna hiyo.

Shaba, hata hivyo, haiitambui glukosi. Inachokitambua ni uwezo wa kemikali kutoa elektroni. Laktosi katika mkojo wa mama anayenyonyesha huipa shaba rangi ileile, na vitamini C hufanya vivyo hivyo. Mama huyo angeweza kuhesabiwa kuwa na kisukari asichokuwa nacho. Udhaifu huu ulijulikana na madaktari wa wakati huo, nao waliuvumilia kwa sababu hakukuwa na njia nyingine nyepesi. Ni muhimu kuukumbuka, kwa kuwa miaka mingi baadaye ulirudi kwa sura nyingine, ndani ya mashine ambazo watu walidhani zimekwisha kuuvuka.

Kimeng'enya kilichodhaniwa kuwa dawa

Mwaka 1928 mtaalamu wa fiziolojia ya mimea wa Denmark, Detlev Müller, alieleza kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka kuvu nyeusi Aspergillus niger yalikuwa na kitu kinachoigeuza glukosi kuwa asidi glukoniki pale tu oksijeni ilipokuwapo. Alikiita glukosi oksidesi. Kuvu hiyo si ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kusahau kitunguu ghalani. Ndiyo ile inayoacha unga mweusi juu ya maganda. Ugunduzi wa Müller haukuzua msisimko. Ulikuwa ni suala la kimetaboli ya kuvu, na hakuna aliyeuhusisha na wagonjwa.

Kilichokiibua kimeng'enya hiki upya ni vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa Uingereza na Marekani walikuwa wakikuza kuvu Penicillium notatum kwa wingi ili kupata penisilini. Katika majimaji ya ukuzaji walikuta kitu cha pili kinachoua bakteria, tofauti na penisilini yenyewe. Harold Raistrick na wenzake walikiita notatini mwaka 1942, na kwingineko kilipewa majina mengine, likiwemo penisilini B. Kilionekana kuwa na nguvu kubwa mno katika chupa za maabara. Matumaini yalififia ilipobainika kwamba kilikuwa sumu kwa wanyama, na kwamba hakikuwa dawa kwa maana ya kawaida: kilikuwa kimeng'enya kilekile cha Müller, kikitumia glukosi iliyomo katika chakula cha bakteria na kuzalisha haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi hiyo ndiyo iliyowaua bakteria, na isingalichagua kati ya bakteria na chembe za mgonjwa.

Kushindwa huko kuna uzito katika historia hii. Mmenyuko uliokifanya kimeng'enya kisifae kuwa dawa ndio uliokifanya kifae kuwa kipimo. Kwa kila molekuli moja ya glukosi, molekuli moja ya oksijeni hutumika na molekuli moja ya peroksaidi huzaliwa. Anayeweza kuhesabu oksijeni iliyopungua, au peroksaidi iliyoongezeka, amekwisha kuihesabu glukosi bila kuigusa.

Hilo ndilo walilofanya David Keilin na Edward Hartree katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1948 walichapisha sifa za kimeng'enya hicho na kuonyesha jinsi ya kukitumia kupima glukosi katika sampuli za kibiolojia, kwa kupima ujazo wa oksijeni iliyofyonzwa. Mwaka 1952 walirudi kwenye suala la uteuzi wake, wakaonyesha kwamba kimeng'enya kilikuwa mteuzi kiasi cha kuzibagua hata sura mbili za glukosi yenyewe: sura ya beta iliunguzwa kwa kasi kubwa sana, ile ya alfa kwa shida. Sukari nyingine, pamoja na maltosi, takriban haikuziona. Kwa mtazamo wa makala haya, kazi hiyo ya Cambridge ndiyo kipimo cha kwanza kilichokamilika cha glukosi kwa kutumia kimeng'enya cha kijidudu. Ilikosa jambo moja tu: chombo ambacho mtu asiye mwanabiokemia angeweza kukishika mkononi.

Upatikanaji wa kimeng'enya nao haukutokana na mahitaji ya hospitali. Katika miaka ya 1950 viwanda vya chakula nchini Marekani vilikihitaji ili kuondoa glukosi katika mayai kabla ya kuyakausha, kwa sababu unga wa mayai wenye glukosi hugeuka rangi ya kahawia na kuharibika ladha. Hivyo basi, kimeng'enya kilichokuja kupima damu kilikuwa kimeshapata soko katika mayai. Jambo hili husahaulika mno katika vitabu vya fani hii.

Karatasi iliyotangulia umeme

Mwaka 1956 kampuni ya Ames huko Elkhart, Indiana, ilitoa Clinistix, kazi ya Alfred na Helen Free, mke na mume waliokuwa wanakemia. Ilikuwa karatasi iliyolowekwa glukosi oksidesi, peroksidesi ya mmea na kemikali inayobadilika rangi. Ilichovywa katika mkojo na kusomwa baada ya muda mfupi, bila moto wala chupa ya kioo. Mama anayenyonyesha sasa hakuwa hatarini kuitwa mgonjwa: laktosi haikuibadili karatasi. Katikati ya miaka ya 1960 ikafuata karatasi ya kupimia damu, na miaka michache baadaye chombo cha kusoma rangi yake kwa mwanga.

Ikiwa kigezo ni kimeng'enya cha kuvu kilichofungwa mahali pamoja na kutoa ishara inayosomeka, karatasi hizo zina haki ya kuhesabiwa katika ukoo wa vihisi. Kinachozitenga ni matakwa ya fani kwamba ishara iwe ya umeme. Mpaka huo umewekwa na wanakemia wa umeme wenyewe, na mwanahistoria halazimiki kuufuata.

Clark na tatizo la oksijeni

Clark hakuanzia kwenye sukari. Katika Chuo cha Antioch, Yellow Springs, Ohio, alikuwa akiunda chombo cha kuingiza oksijeni katika damu wakati wa upasuaji wa moyo. Inasimuliwa kwamba makala yake kuhusu chombo hicho ilikataliwa kwa sababu hakuweza kupima oksijeni iliyomo ndani ya damu inayotoka. Elektrodi za platinamu zilikuwapo, ila protini za damu ziliziziba mara moja. Mwaka 1954 Clark alizifunika pamoja, elektrodi mbili na kimiminika chake, kwa utando mwembamba wa polithini. Oksijeni ilipenya, protini zikabaki nje. Elektrodi hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka 1956, ingali inatumika hospitalini na katika mabwawa ya samaki.

Hatua ya 1962, wakati Clark akiwa Alabama pamoja na Lyons, ilikuwa fupi kuliko inavyoelezwa. Waliweka tabaka jembamba la glukosi oksidesi baina ya tando mbili juu ya elektrodi. Glukosi iliyopenya ilitumia oksijeni, na elektrodi iliyokuwa imezoea kuhesabu oksijeni ikaonyesha upungufu. Kwa maneno mengine, kipimo cha Keilin na Hartree kilihamishwa kutoka kwenye chupa hadi kwenye ncha ya waya. Uzuri wa wazo hilo ni kwamba kimeng'enya hakikutupwa baada ya kipimo kimoja. Kilibaki mahali pake kikisubiri sampuli inayofuata. Mwaka 1967 Stuart Updike na George Hicks wa Wisconsin walikifunga kimeng'enya ndani ya jeli ya poliakrilamaidi, wakatumia elektrodi mbili, moja ikiwa haina kimeng'enya hai, ili kusahihisha tofauti za oksijeni ya sampuli yenyewe. Wao ndio waliolipa jina lake la elektrodi ya kimeng'enya.

Clark naye aligeukia kupima peroksaidi badala ya oksijeni, akapata hataza mwaka 1970. Mwaka 1975 kampuni ya Yellow Springs Instrument ilitoa sokoni mashine ya kupima glukosi kwa msingi huo. Ilikuwa mashine ya maabara na ya bei kubwa. Mgonjwa aliyeko nyumbani hakuiona.

Katika kipindi hichohicho wazo lilienea kwenye kemikali nyingine. Elektrodi ya urea ilitangazwa na George Guilbault na Joseph Montalvo mwaka 1969. Nchini Japani Isao Karube na wenzake walitumia vijidudu vizima badala ya kimeng'enya kilichosafishwa, kuanzia 1977, kupima uchafuzi wa maji taka. Kipimo kilichohitaji siku 5 kikawa cha chini ya saa moja. Hata hivyo, hakuna kati ya vihisi hivyo kilichopata soko lililokaribia lile la glukosi, na sababu haikuwa ya kisayansi. Mwenye kisukari hupimwa kila siku, mara kadhaa, maisha yake yote. Mto hauna desturi hiyo.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa oksijeni. Damu ya mtu aliyefunga kula ina glukosi takriban milimoli 5 kwa lita, wakati oksijeni iliyoyeyuka katika sehemu ya maji ya damu ni takriban asilimia mbili tu ikihesabiwa dhidi ya hiyo glukosi. Kwa tarakimu, ni kama milimoli 0.1 kwa lita. Kimeng'enya kinachodai molekuli kwa molekuli huishiwa oksijeni upesi, na hapo kipimo huonyesha oksijeni iliyobaki badala ya glukosi iliyopo.

Suluhisho lilitoka katika ushirikiano wa Oxford na Cranfield, Uingereza. Mwaka 1984 Anthony Cass, Allen Hill, John Higgins, Anthony Turner na wenzao walionyesha kwamba feroseni, kemikali yenye chuma, ingeweza kupokea elektroni kutoka kwa kimeng'enya na kuzifikisha kwenye elektrodi badala ya oksijeni. Mwaka 1987 kampuni ya MediSense iliuza kifaa cha namna hiyo chenye umbo la kalamu, na vipande vya kupimia vya kutupwa baada ya matumizi. Tangu hapo upimaji wa damu ya kidoleni umekuwa kazi ya mgonjwa mwenyewe.

Oksijeni, lakini, haikuondoka kabisa. Ilibaki ikishindana na feroseni. Mgonjwa anayepewa oksijeni kwa mashine huwa na usomaji ulioshuka kuliko hali halisi, kwa kuwa elektroni nyingine huchukuliwa na oksijeni kabla hazijafika kwenye elektrodi. Penye oksijeni haba usomaji hupanda. Katika karatasi za rangi, zinazoitegemea oksijeni, uhaba huo huushusha usomaji. Tofauti hii si ya nadharia tupu kwa nchi yenye pwani na milima: kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la oksijeni ni takriban nusu ya lile la Dar es Salaam.

Kimeng'enya cha bakteria na vifo 13

Ili kuachana na oksijeni, baadhi ya watengenezaji walikiacha kimeng'enya chenyewe. Katika miaka ya 1960 Jens Hauge alikuwa ameeleza kuhusu glukosi dihaidrojenesi ya bakteria, anayejulikana sasa kama Acinetobacter calcoaceticus, yenye kundi saidizi lisilofanana na lolote lililojulikana. Kundi hilo lilitambuliwa kikemia mwaka 1979 na kufupishwa kuwa PQQ. Kimeng'enya hiki hakina haja na oksijeni hata kidogo, na kasi yake ni kubwa mno. Mwaka 1986 kundi la Cranfield lilionyesha kwamba kingeweza kuunganishwa na elektrodi yenye feroseni. Kwa mhandisi, kilikuwa zawadi: tone dogo zaidi la damu, jibu la haraka zaidi, na wagonjwa wa oksijeni wakapimwa bila mashaka.

Kile ambacho hakikupewa uzito ni tabia yake. Glukosi oksidesi ya kuvu hubagua. Dihaidrojenesi hii hupokea. Maltosi, galaktosi na sukari nyingine kadhaa huingia mahali pa glukosi na kutoa elektroni zake. Wanabiokemia hawakulificha jambo hilo. Lakini katika damu ya mtu wa kawaida maltosi ni haba sana, na kwa hiyo majaribio ya kulinganisha mashine na maabara yalileta matokeo mazuri.

Wapo wagonjwa ambao damu yao si ya kawaida. Mwenye figo zilizoshindwa anaweza kusafishwa damu kupitia tumbo, kwa kujazwa kimiminika chenye ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika na kutoa maltosi. Baadhi ya dawa za kingamwili zinazodungwa kwenye mshipa nazo ziliwekwa maltosi kama kihifadhi cha uthabiti wake. Kwa mgonjwa kama huyo kipande cha kupimia kilisoma glukosi na maltosi kwa pamoja, na kioo kikatoa namba moja, kikiita jumla hiyo glukosi. Muuguzi aliyeona namba kubwa alitoa insulini, kama alivyofundishwa. Glukosi halisi, ambayo pengine ilikuwa ya wastani au ya chini tangu mwanzo, ilishuka zaidi. Akipima tena, maltosi ingali ipo, na namba ingali kubwa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2005. Agosti 2009 ilitoa tangazo zito zaidi, ikieleza kwamba ilikuwa imepokea taarifa za vifo 13 tangu 1997 vilivyohusishwa na vipimo vya aina hiyo kwa wagonjwa wenye sukari zisizo glukosi katika damu. Ilishauri vituo vya afya viepuke kuvitumia vipande hivyo, au angalau visivitumie kwa wagonjwa wa makundi hayo.

Maelezo ya wakati huo yalielekea kuliweka tatizo katika mawasiliano: onyo lilikuwa katika maandishi ya kifurushi, na wahudumu hawakulisoma. Hilo ni kweli kwa kiasi chake. Hata hivyo, linachukulia kwamba mashine ilikosea na muuguzi angepaswa kujua, ilhali kimeng'enya hakikukosea chochote. Kilifanya kazi ileile ambayo Acinetobacter hukifanyia katika udongo, ambako kupata nishati kutoka sukari ya aina yoyote ni faida. Hakuna sababu ya kibiolojia iliyokuwa ikikilazimisha kuheshimu mpaka uliowekwa na madaktari kati ya glukosi na maltosi. Jaribio la Benedict lilikuwa na kasoro hiyohiyo, isipokuwa kwamba rangi ya tofali haikuwahi kujidai kuwa ni glukosi peke yake, wala haikutoa namba yenye desimali.

Baada ya 2009 watengenezaji walifuata njia mbili. Baadhi walibadilisha asidi amino katika kimeng'enya cha bakteria ili mahali pake pa kupokelea pasiitoshee maltosi kwa urahisi. Wengine walirudi kwa kuvu, safari hii wakichukua glukosi dihaidrojenesi yenye FAD kutoka jamii ya Aspergillus, isiyohitaji oksijeni na isiyoiona maltosi. Kimeng'enya hicho kilikuwa kimeelezwa tangu miaka ya 1960 katika Aspergillus oryzae, kuvu ambayo Wajapani huitumia kuchachushia mchele na soya. Nacho kina sukari yake moja kinachoipokea pamoja na glukosi, nayo ni zailosi, ambayo hospitalini hunyweshwa mgonjwa ili kupima uwezo wa utumbo wake kufyonza chakula.